Kifuko Kilicholowa

Luteni Bahrullo Nazrizoda hakukigusa kile kifuko mara moja. Alikitazama kwanza jinsi kilivyoning'inia kwenye msumari wake nyuma ya mlango wa ofisi, kisha akavua glavu, akaziweka moja juu ya nyingine, akazitia ndani ya koti. Alikuwa mtu wa taratibu. Wenzake katika kituo cha polisi cha wilaya walimtania kwamba hata kikombe cha chai hukiandikia taarifa kabla ya kukinywa, naye hakuwahi kukanusha.

Kifuko kilikuwa cha ngozi ya mbuzi, kikubwa kama ngumi, chenye kamba mdomoni. Kazi yake ilikuwa moja tu: kulaza ufunguo wa ratrak, ile mashine ya minyororo inayopanda mlima na kushindilia theluji ili watu wapate kuteleza juu yake. Asubuhi ya leo kifuko kilikutwa mahali pake. Ufunguo haukuwamo.

"Nani alikishika mara ya mwisho?"

"Mimi," alijibu Sabohat, meneja wa kituo cha michezo ya theluji cha Darai Nuqra. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye shali nyekundu na sauti iliyozoea kushindana na injini. "Jana machweo Shirinbek alinikabidhi kama kawaida, nikakitundika. Leo alfajiri nakifungua, kitupu. Basi mwizi ni Shirinbek, au Shirinbek anamjua mwizi. Andika hivyo, kaka, tumalizane. Nina mlima wa kufungua."

"Kuandika ni mwisho wa kazi, dada, si mwanzo wake." Alimnyooshea kitambulisho. "Kanuni inataka ukikague kabla hujanijibu zaidi."

Sabohat alirudi nyuma nusu hatua. Mikono yake ikakimbilia kwapani.

"Kiweke mezani."

Luteni alikiweka mezani. Sabohat aliinama, akakisoma bila kukigusa, akasema kinatosha. Bahrullo alikirudisha mfukoni.

"Ufunguo wa akiba?"

"Ulikatikia ndani ya mashine msimu uliopita. Mwingine tumeuagiza Austria, na Austria hawana haraka na sisi."

"Na fundi hawezi kuunganisha nyaya?"

"Mashine ile ukiichokoza nyaya zake inanuna mpaka majira ya kuchipua. Muulize Shirinbek, yeye ndiye anayeijua kuliko anavyomjua mkewe." Alinyamaza ghafla, kama mtu aliyejikuta akimsifu mtu aliyekwisha kumshtaki.

Simu ya mezani ililia. Sabohat alisikiliza, akajibu "ndiyo, bwana" mara nyingi, akaiweka chini. Mwenye kituo, aliyekuwa Dushanbe, mji mkuu, hakuwa na mafumbo: ufunguo usipoonekana kabla ya adhuhuri, luteni amteremshe Shirinbek wilayani kama mtuhumiwa, na dereva mwingine atafutwe. Kwa mtu aliyeiendesha mashine ile tangu siku ilipofikishwa mlimani, hilo lilikuwa neno la mwisho. Katika bonde lote hakuna ambaye angempa ufunguo dereva aliyefukuzwa kwa wizi wa ufunguo.

Bahrullo alikitungua kifuko, akakipeleka mwangani, akakigeuza ndani nje. Ngozi ya nje ilikuwa kavu. Ya ndani ilikuwa imelowa, imekunjamana, na mshono wa chini ulikuwa umeanza kuvimba.

"Jana kilioshwa?"

"Nani anaosha kifuko cha ufunguo?"

"Hilo ndilo ninalojiuliza na mimi."

Alikirudisha msumarini palepale kilipokuwa, upande uleule.

*

Alimkuta Shirinbek bandani, ameketi juu ya mnyororo wa ratrak kama mchungaji aliyeegemea ng'ombe wake. Masharubu yake yalikuwa na mvuke wa chai. Aliinuka, akaweka mkono kifuani, akasalimu kwa urefu unaostahili: habari za safari, za nyumbani, za wazee, za barabara.

"Kaa, kaka Shirinbek. Nitakuuliza maswali machache kwa mpangilio. Jana machweo ulimkabidhi meneja kifuko?"

"Nilimkabidhi."

"Mkononi?"

"Mkononi." Kitu fulani kilitikisika chini ya masharubu, kikatulia.

"Ndani yake uliweka nini?"

"Ufunguo. Sijawahi kukabidhi kifuko bila ufunguo, Luteni, hata siku niliyokuwa na homa. Hilo naapa kwa mkate."

"Nakuamini. Na nini tena?"

Shirinbek aliipuliza chai yake, ingawa ilikuwa imekwisha kupoa.

"Kaka, nimeuliza: na nini tena?"

"Chai hii ni ya majani mapya. Nikumiminie?"

"Unajua kwamba adhuhuri nitalazimika kukuteremsha?"

"Najua. Gari lako lina kipasha joto?"

"Lina."

"Basi si haba." Aliigonga mashine kwa kiganja, taratibu, mahali ambapo rangi ilikuwa imechakaa kwa kugongwa vivyo hivyo. "Ila nikuombe kitu. Atakayekuja baada yangu, mwambie asiizime ghafla ikitoka mlimani. Aiache ingurume kidogo. Inapenda."

Bahrullo alimtazama kwa muda. Mwizi anayeficha kitu hujieleza mno; huyu hakujieleza hata kidogo. Alikuwa amebeba neno mdomoni kama mtu aliyebeba yai, na wala hakuonekana kumwogopa anayelitaka.

"Nani unamlinda, kaka?"

"Baridi imezidi," alisema Shirinbek. "Funga vifungo, Luteni."

*

Kanuni ya Bahrullo ilikuwa kuzunguka jengo zima kabla ya kumshuku mtu yeyote. Aliuanza ukuta wa mbele, akapita wa pembeni, na nyuma ya ofisi akakuta alichokitafuta: nyayo. Zilitoka kwenye kibanda cha walinzi wa mlima, zikafika mpaka chini ya dirisha la nyuma la ofisi, zikazungukazunguka hapo, zikarudi. Soli ilikuwa na alama kama nyota.

Alizifuata. Kibandani alimkuta Nekruz, mkuu wa walinzi wa mlima, akipaka nta mbao zake za kutelezea. Nekruz ndiye aliyeamua njia gani ifunguliwe na ipi ibaki na kamba, na kwa sababu hiyo hakuwa na rafiki kuanzia theluji ya kwanza mpaka ya mwisho.

"Nioneshe soli ya kiatu chako."

Nekruz aliinua mguu. Nyota.

"Nyayo zilizo chini ya dirisha la meneja ni zako."

"Ni zangu. Ulitaka niikane miguu yangu?"

"Nimeambiwa kwamba jana kantini, mbele ya watu, ulisema utalala chini ya ratrak kabla hujaiona ikipanda mlima. Leo ratrak haina ufunguo. Huoni kwamba mambo hayo mawili yanakaa kitako pamoja?"

"Nilisema ikipanda Palang!" Nekruz aliitupa nta. "Hawa wanasikia nusu, nusu nyingine wanaipika wenyewe. Njoo nje."

Walisimama mlangoni. Mlima ulikuwa mbele yao, mweupe kwa mara ya kwanza mwaka huo. Njia ya chini, inayopendwa na watoto, ilikuwa imekwisha kukanyagwa kwa miguu na wafanyakazi waliopangana bega kwa bega. Njia ya kati ilikuwa laini, haijaguswa. Juu yake, kwenye mgongo wa mlima, kamba nyekundu iliifunga njia iliyoitwa Palang, yaani chui.

"Kule juu theluji inafika magotini," alisema Nekruz, "lakini chini yake kuna nyasi ndefu zilizolala. Theluji mpya juu ya nyasi ni zulia juu ya sakafu iliyopakwa siagi. Anayelikanyaga anaondoka nalo, na walio chini linawafunika. Palang siifungui mpaka theluji ya pili iishike ile ya kwanza, hata bwana mkubwa apige simu mpaka waya uyeyuke."

"Na njia ya kati?"

"Ya kati naililia! Chini yake ni mawe. Theluji yake ni unga mtupu, ina hewa zaidi ya theluji. Ikishindiliwa leo, baridi ya usiku inaigandisha, kesho wageni wanateleza, na itavumilia majira yote. Isiposhindiliwa..." Alilamba kidole, akakiinua upande wa bonde. "Unasikia? Bado ni baridi. Lakini mawingu yale ya chini yamekwisha kugeuka. Adhuhuri utapanda upepo wa joto, utaulamba unga wote, na mawe yatatoka kama meno ya kibogoyo: machache, lakini yanatosha kukuvunja mguu. Tukipoteza theluji hii ya kwanza, hatuna msingi. Tutaanza upya tukisubiri mbingu."

"Basi kwa nini ulikuwa dirishani?"

"Paa. Leo asubuhi, baada ya kelele za meneja, nimeangusha theluji ya paa kwa koleo refu, isije ikawaangukia watu. Kila mwaka naangusha."

Bahrullo alirudi nyuma ya ofisi, safari hii akachuchumaa. Nyayo zenye nyota zilikuwa juu ya mabonge ya theluji iliyoanguka kutoka paani, si chini yake. Zilipigwa baada ya mabonge kuanguka, na wakati huo Sabohat alikuwa amekwisha kuamsha kituo kizima kwa kelele za ufunguo. Alimtoa Nekruz katika hesabu yake kwa heshima, kama mwalimu anavyofuta ubaoni jibu ambalo mwanafunzi alilifanyia kazi.

Alipoinuka, macho yake yalikuwa sawa na dirisha. Aliliangalia. Kisha akasogea, akaliangalia kwa karibu zaidi, mpaka pua yake ikakiwekea kioo ukungu.

*

Kantini ilinuka mbegu za jira na unga wa moto. Bibi Tojiniso, mpishi, alikuwa akibandika sambusa kwenye ukuta wa tanuri la udongo, mkono ukiingia na kutoka motoni bila haraka.

"Karibu, Luteni-jon, mwanangu. Kula kwanza. Kesi haikimbii, sambusa ndiyo inayopoa."

Alipokea kwa mikono miwili. Sabohat aliingia nyuma yake, akataka chai. Bibi akamnyooshea bakuli.

"Weka mezani, mama."

"Haya, malkia." Bibi aliliweka mezani. Sabohat alilichungulia kwanza, akalizungusha kwa ncha ya kidole, ndipo akalichukua na kutoka nalo mbio kuelekea simu iliyokuwa ikilia.

Bibi Tojiniso alicheka mpaka unga ukamtoka mabegani. "Umemwona? Tangu theluji ilipoanguka, mtoto huyu hapokei kitu mkononi mwa mtu, hata chumvi. Mwaka juzi Nekruz alificha theluji ndani ya mkate. Sabohat akaukata kwa kisu mezani kwanza! Mwaka jana tukamletea kofia yake mwenyewe. Akaipokea kwa fimbo."

Bahrullo naye alitabasamu. Alikuwa amekulia katika mchezo huo. Theluji ya kwanza ikishaanguka, watu hutumiana barfi: humpokeza mwenzao theluji iliyofichwa ndani ya kitu. Akiipokea mkononi bila kujua, na aliyeileta akasema ‘theluji kwetu, karamu kwenu’ kisha akatoroka, karamu iko shingoni mwa aliyepokea. Lakini mletaji akikamatwa hupakwa masizi usoni, na karamu humrudia aliyemtuma. Mletaji hamtaji aliyemtuma kabla mwenyewe hajajitokeza kudai. Hilo halikuandikwa popote, na hakuna mtu wa bonde lile aliyelivunja.

"Kwa hiyo Sabohat hajawahi kuingia mtegoni?"

"Hata mara moja, tangu aanze kazi hapa. Ndiyo fahari yake. Meneja mzima!"

"Bibi, na wewe ukitaka kumnasa mtu asiyepokea kitu chochote, ungefanyaje?"

Mkono wa Bibi ulichelewa kidogo kutoka tanurini. "Mimi mzee, mwanangu. Mimi na sambusa zangu."

"Mimi ningetafuta kitu kimoja ambacho kazi yake inamlazimu kukipokea."

Bibi aliipangusa mikono yake kwenye aproni, polepole, kidole baada ya kidole. Kicheko kilikuwa kimemtoka usoni.

"Shirinbek amesema nini?"

"Hakusema kitu."

"Hata..."

"Hata jina. Alinipa ushauri kuhusu injini."

"Mjinga mkubwa yule," alisema Bibi Tojiniso kwa sauti ndogo, na macho yake yakalowa. "Mjinga wa dhahabu. Nilidhani ni wizi kweli, Luteni-jon. Nilidhani Sabohat alikuta theluji na ufunguo, akacheka moyoni, halafu usiku mtu mwingine akaiba. Nilitaka kusema. Lakini yeye mwenyewe hakutaja theluji, nami nikaona haya."

"Usilie, Bibi. Bado hatujafika adhuhuri. Nifungie sambusa nyingine, kisha nifuate."

*

Sabohat alikuwa amesimama dirishani akiitazama bendera ndogo ya kilele. Ilikuwa imeanza kupepea kwa kuelekea upande usiofaa.

"Luteni, mpeleke basi. Yamekwisha."

"Bado mambo matatu, dada. La kwanza." Alikigusa kifuko. "Kimelowa ndani, nje kikavu. Maji hayakukidondokea, yalikuwamo. Na hakuna anayetia maji katika kifuko cha ufunguo. Kilichotiwa kilikuwa kitu kigumu kikayeyuka."

Sabohat hakugeuka.

"La pili. Umetaka kitambulisho kiwekwe mezani, na chai iwekwe mezani. Siku hizi hupokei kitu mkononi. Lakini kifuko cha ufunguo ulikipokea, kwa sababu hicho ni kazi, na kazi humsahaulisha mtu mchezo."

"Na la tatu?"

"La tatu ni hili dirisha." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa fremu, mahali ambapo, kama katika kila nyumba ya bonde lile, nyufa zilizibwa kwa vipande vya karatasi vilivyobandikwa kwa gundi ya unga. "Madirisha yenu yamezibwa tangu lini?"

"Tangu mavuno ya tufaha ya mwisho. Hayafunguliwi mpaka Navruz, mwaka mpya wa majira ya kuchipua, nani asiyejua?"

"Karatasi za madirisha mengine zimekauka na zimegeuka manjano. Za hili ni nyeupe, na gundi yake bado mbichi. Inanata kidoleni. Mtu amelichana dirisha hili jana, akalifungua, akalifunga, akalibandika upya. Katika baridi ya jana, dada Sabohat, mtu halifungui dirisha lililozibwa ili apunge upepo."

Kisha Sabohat aliziba uso kwa shali.

"Nilijua palepale nilipokishika," alisema kutoka ndani ya shali. "Baridi ilinipita mpaka kwenye kiwiko. Kumbe nimenaswa! Mimi! Nikasema: hakuna aliyeona. Shirinbek amekwisha kugeuka, anaondoka zake. Nikalichana dirisha, nikakikung'uta nje, nikabandika karatasi. Asubuhi wangekuja kudai, ningewauliza: theluji ipi?"

"Na ufunguo?"

"Nilidhani Shirinbek amebaki nao! Nani anatia ufunguo ndani ya theluji? Nikajua atauleta asubuhi huku akicheka, aone kama nitacheka. Hakuja. Nikanuna. Halafu bwana mkubwa akapiga simu kuuliza mashine imekwisha kupanda, nikachanganyikiwa, nikasema umeibwa. Neno likishatoka, Luteni, unalirudishaje?"

"Ungemwuliza Shirinbek."

"Kumwuliza ni kukiri."

"Naye kukujibu ni kumtaja aliyemtuma." Bahrullo alivuta glavu zake, akazivaa. "Mmekaa kila mmoja upande wake wa mlango, mkisubiriana kucheka, na mtu mmoja yuko tayari kwenda gerezani ili asiharibu mchezo. Shirinbek hakabidhi kifuko bila ufunguo, dada. Ameapa kwa mkate. Theluji aliitia juu yake."

Sabohat alishusha shali. Alikuwa amepauka. "Basi nimeutupa mwenyewe. Na Nekruz amemwagia paa zima juu yake." Simu ililia. Aliitazama kama mtu anayetazama nyoka. "Nenda, kaka. Nenda, mimi nitamzuia huyu kwa maneno."

*

Walichimba chini ya dirisha wote watatu: Nekruz kwa koleo, Shirinbek kwa mikono, Bibi Tojiniso kwa birika la maji ya moto na maelekezo mengi. Bahrullo alikuwa amewagawia vipande vya ardhi kwa mistari iliyonyooka, na hakuruhusu mtu kuruka mstari.

"Paa limekuwa likidondosha matone tangu jua litoke," alisema Nekruz. "Chini humu ni barafu sasa."

"Msipige kwa nguvu. Mkiona cheusi, niiteni."

Shirinbek ndiye aliyeita. Hakupaza sauti. Alipiga magoti, akapangusa kwa mkono wa koti, na pale, ndani ya bonge la barafu safi kama kioo cha taa, ufunguo wa ratrak ulikuwa umelala, mzima, na kijikamba chake chekundu.

"Lete maji ya moto, Bibi," alisema Nekruz.

"Ngoja." Luteni aliinua mkono. Alilitazama bonge lile, akamtazama Bibi Tojiniso, akaitazama ofisi, ambako sauti ya Sabohat ilisikika ikimlilia mtu wa Dushanbe ampe muda kidogo. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi uso wake ulikuwa na kitu ambacho hakikuwa katika kanuni. "Bibi, dai lako la jana limekwama. Shahidi hakuna, na theluji imetupwa. Kisheria ni dhaifu. Unahitaji mletaji mwingine?"

Bibi Tojiniso alimkodolea macho. Kisha akajifunika mdomo kwa aproni.

"Wewe? Na hayo mabega yako ya serikali?"

"Mletaji hamtaji aliyemtuma," alisema Bahrullo. Akalitia bonge katika bahasha ya kaki ya vielelezo, akaikunja mdomo vizuri, akaipiga mstari kwa ukucha ili ikunjike sawa.

Aliingia ofisini kwa hatua za kazi. Sabohat alikuwa ndiyo kwanza anaweka simu chini.

"Umepatikana," alisema Luteni.

"Umepatikana!" Sabohat aliruka. "Uko wapi? Uko wapi, kaka?"

"Kielelezo hiki hapa. Kanuni inamtaka meneja athibitishe kama ni mali ya kituo."

Akanyoosha bahasha, naye Sabohat akaipokea kwa mikono miwili, akaikumbatia kifuani, akasema Mungu akubariki, Mungu awabariki waliokuzaa, na katikati ya baraka hizo akanyamaza. Baridi ilikuwa imepenya karatasi.

"Theluji kwetu," alisema Luteni Bahrullo Nazrizoda, "karamu kwenu." Akatoka mbio.

Kwa miaka aliyoitumikia polisi hakuna aliyewahi kumwona akikimbia. Alikimbia vibaya, viwiko nje, kofia mkononi, akizama mpaka magotini, huku Nekruz akipiga mluzi na Bibi Tojiniso akipiga kelele, "Kushoto, mwanangu, kushoto, huko kuna shimo!" Sabohat alikuwa nyuma yake, shali ikipepea, bahasha mkono mmoja na masizi ya jiko kwenye kiganja cha mkono wa pili. Luteni aliifikia ratrak hatua chache mbele yake. Shirinbek, ambaye alikuwa amekwisha kupanda, alimvuta ndani kwa kola na kufunga mlango.

Sabohat alisimama mbele ya kioo, akihema. Kiganja cheusi kilikuwa juu.

"Fungua, Shirinbek!"

"Mletaji akifika mahali pa kujificha amepona, dada. Unajua."

"Najua! Nimenaswa, mbele ya mashahidi, na afisa wa serikali. Haya, pilau yenu ipo!" Alitaka kukasirika, lakini mdomo ulimsaliti. Akapangusa masizi kwenye theluji, akapasua bahasha, akalishika lile bonge. Sauti yake ilishuka. "Shirinbek. Nilikuita mwizi mbele ya watu. Nisamehe. Upepo unakuja. Chukua ufunguo wako."

Dereva alishusha kioo. Masharubu yalikuwa yakimtetemeka. Alinyoosha mikono yote miwili, kama mtu apokeavyo mkate, na Sabohat akaliweka bonge la barafu ndani yake, polepole, akavikunja vidole vya dereva juu yake.

"Theluji kwetu," alisema, "karamu kwenu."

Akageuka akakimbia.

Bibi Tojiniso alicheka mpaka akaketi juu ya theluji. Ilibidi Nekruz amwinue. Aliyetuma barfi ndiye mwamuzi wa karamu, na alipopata pumzi alitoa hukumu: mchele wa Sabohat, kondoo wa Shirinbek, na anayebisha atakula sambusa za jana.

Barafu iliyeyushwa kwa birika. Ratrak ilikohoa, ikanung'unika, ikakubali. Ilipanda njia ya kati huku luteni akiwa bado ndani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumteremsha, na nyuma yake theluji ililala kwa mistari myembamba iliyonyooka, mmoja kando ya mwingine, jambo lililomfurahisha mno. Upepo wa joto ulipofika, ulipita juu ya njia ile ukitafuta unga wa kubeba, haukuupata, ukaendelea kwenda zake. Nekruz alifungua kamba ya njia ya kati, tayari kwa wageni wa kesho, akaizungusha begani, akaenda kuongeza fundo la pili kwenye ile ya Palang.

Kule juu, Shirinbek aliifikisha mashine kwenye kituo cha kugeukia. Bahrullo alinyoosha mkono kuelekea ufunguo.

"Taratibu, Luteni," alisema Shirinbek. "Iache ingurume kidogo."